Wachezaji wa Hambledon walikuwa mafundi, si malodi

Ndugu Mhariri,

Makala ya kurasa za michezo katika gazeti lako ilisema mambo mawili kuhusu kriketi, mchezo ambao mrushaji hurusha mpira na mpigaji huuzuia au kuupiga kwa gongo. Kwanza, kwamba mchezo huo ulianzishwa na klabu ya Hambledon, kusini mwa Uingereza. Pili, kwamba tangu mwanzo ulikuwa mchezo wa malodi, kwa hiyo shule za Tabora na Kigoma zisipoteze muda nao. La kwanza si kweli. La pili ni kweli nusu tu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu sisi wa huku.

Kriketi ni kongwe kuliko Hambledon. Sheria zake ziliandikwa London mwaka 1744, na kabla ya hapo watu walishaicheza kwa vizazi katika kaunti za kusini-mashariki. Hambledon ilivuma baadaye, hasa miaka ya 1760 hadi 1780 na kitu. Hata nahodha wake, Richard Nyren, alifunzwa mchezo na mjomba wake Richard Newland wa kijiji cha Slindon, timu iliyokuwa na jina kubwa miaka ya 1740. Hambledon haikuzaa kriketi. Ilichofanya ni kuunyoosha mchezo mpaka ukaanza kufanana na huu wa leo, na walionyoosha walikuwa watu wa kazi za mikono.

Klabu ilikuwa na watu wa aina mbili, na makala iliwachanganya. Kulikuwa na wanachama, yaani mabwana wenye ardhi na vyeo, waliotoa ada na kuweka dau la mechi, mara nyingi paundi 500 kila upande. Halafu kulikuwa na wachezaji, waliolipwa kucheza. Nyren alikuwa mwenye nyumba ya wageni iliyotazamana na uwanja wa Broadhalfpenny Down. John Small alikuwa fundi viatu wa Petersfield. Tom Sueter, aliyedaka nyuma ya wiketi (vijiti ambavyo mpigaji huvilinda na mrushaji huvilenga), alikuwa fundi wa majengo. David Harris, mrushaji aliyeogopwa kuliko wote, alikuwa mfinyanzi. James Aylward alikuwa mtoto wa mkulima, na ndugu wawili Tom na Harry Walker walitoka mashambani. Hata mpinzani wao mkubwa, Edward Stevens aliyeitwa "Lumpy", alikuwa mtunza bustani wa Lodi Tankerville.

Sasa tazama walichofanya. Zamani gongo la kriketi lilikuwa limepinda chini kama la hoki, kwa sababu mpira ulivingirishwa ardhini. Warushaji walipoanza kuudundisha mbele ya mpigaji, gongo lililopinda halikufaa tena, maana mpira ulimfikia ukiwa juu ya sehemu iliyopinda. Likaja gongo lililonyooka, linaloshushwa wima kuuziba mpira. Small anatajwa miongoni mwa wa kwanza kulimudu, na hilo halishangazi: yeye mwenyewe alitengeneza magongo na mipira, kwa hiyo alijua kila kipimo kwa mikono yake. Julai 1775, Hampshire, kaunti ya Hambledon, ikicheza na kaunti ya Surrey pale Broadhalfpenny, alipata mikimbio (yaani alama) 136, na hiyo ndiyo mia ya kwanza inayojulikana kwa uhakika katika mechi kubwa.

Upana wa gongo nao una kisa chake. Septemba 1771 Hambledon walicheza na klabu ya Chertsey. Mpigaji wa Chertsey aitwaye White akaja na gongo pana kama wiketi yenyewe. Hakuvunja sheria yoyote, kwa sababu haikuwapo sheria ya upana. Hambledon walishinda kwa mkimbio mmoja tu, lakini hawakuliacha jambo lipite. Mrushaji wao wa kasi, Thomas Brett, aliandika pingamizi, Nyren na Small wakatia saini, kwamba gongo lisizidi inchi nne na robo, yaani sentimita 10.8. Kikatengenezwa kipimo cha chuma chenye nafasi ya upana huo. Gongo lisilopita katikati yake halikuruhusiwa. Kipimo hicho kiliingizwa katika sheria za 1774 na hadi leo hakijabadilika. Fundi yeyote wa kuchomelea hapa Tabora anaweza kutengeneza kipimo kama hicho kwa vipande vitatu vya chuma, na kila shule inayoanza mchezo inapaswa kuwa nacho kabla ya kununua chochote.

Kuhusu vijiti vya wiketi, makala ilisema vilikuwa vitatu tangu zamani. Hapana. Kwa sheria za 1744 vilikuwa viwili, vyenye urefu wa sentimita 56 hivi, na kijiti cha juu cha sentimita 15 kikiwa kimelala juu yao. Mpira una kipenyo cha sentimita 7 na kitu. Fanya hesabu: nafasi kati ya vijiti ilikuwa karibu mara mbili ya mpira, hivyo mpira ulionyooka kabisa, yaani ule mzuri kuliko wote, uliweza kupita katikati bila kugusa chochote na mpigaji akaendelea kupiga. Mei 1775, katika uwanja wa Artillery Ground huko London, Lumpy alimpitishia Small mpira katikati ya vijiti mara tatu. Small alikuwa mpigaji wa mwisho na upande wake ulihitaji mikimbio 14. Akaipata, wakashinda. Watu waliona wazi kwamba mrushaji amedhulumiwa na kifaa chenyewe, na katika miaka iliyofuata kijiti cha tatu kikaanza kuwekwa katikati. Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu watoto wengi mitaani huweka matofali mawili yaliyoachana na kuyaita wiketi. Wanarudia kasoro ileile ya kabla ya 1775. Ongezeni kitu cha katikati, hata fimbo.

Uchaguzi wa mahali pa kuchezea nao ulikuwa ufundi. Sheria za 1774 ziliwapa wageni haki ya kuchagua mahali wiketi zitakaposimamishwa, ndani ya eneo lililowekewa mpaka. Lumpy alipopata nafasi hiyo alitafuta mahali palipoinuka kidogo mbele ya mpigaji, ili mpira wake ukidunda uteleze chini na kupita chini ya gongo. Walimu wa Kigoma, ambako uwanja tambarare ni wa kutafuta, wazingatie hili. Mteremko wa kutoka wiketi moja kwenda nyingine unavumilika, maana timu zote mbili hupiga pande zote. Mteremko wa kukata ubavu ndio mbaya: kila mpira unakimbilia upande mmoja, na mtoto hajifunzi kuzuia kwa gongo lililonyooka.

Wote hao walirusha kwa mkono wa chini, ukipita chini ya kiwiko. Kurusha kwa mkono ulionyooshwa pembeni kuliruhusiwa mwaka 1835, na kwa mkono wa juu ya kichwa mwaka 1864. Asifikiri mtu kwamba mkono wa chini ulikuwa mchezo wa watoto. Brett alitegemea kasi na unyoofu. Lamborn, kijana wa shamba, aliuzungusha mpira, ukidunda ukakata kona kutoka upande wa kulia wa mpigaji kuingia ndani, jambo ambalo wapigaji wa Kent na Surrey hawakulizoea. Harris aliuinua mpira hadi karibu na kwapa kabla ya kuuachia, ukadunda na kupaa ghafla, ukawasaga wapigaji vidole kwenye mpini. Walikuwa hawavai glavu wala kinga za miguu. Kwa darasa linaloanza, huu ndio urushaji unaofaa, kwa sababu mtoto anapata unyoofu kwa siku chache badala ya miezi. Ila mkikutana na shule nyingine mkubaliane kabla ya mechi, kwa kuwa sheria za sasa hazikubali mkono wa chini bila makubaliano.

Makala pia iliwapima Brett na Harris kwa idadi ya wiketi, yaani wapigaji waliowatoa, na kuwaona wa kawaida. Hilo ni kosa la kusoma kumbukumbu za wakati ule kana kwamba ni za leo. Mrushaji alihesabiwa wiketi pale tu mpira ulipoangusha vijiti. Mpira ukidakwa, jina lililoandikwa lilikuwa la mdakaji peke yake. Kwa mrushaji kama Harris, ambaye mpira wake ulipaa na kudakwa karibu na gongo, sehemu kubwa ya kazi yake haimo kwenye karatasi. Tena ova, yaani fungu la mipira ambalo mrushaji mmoja hurusha mfululizo, ilikuwa ya mipira 4, si 6, na mikimbio ilihesabiwa kwa kukata mikato kwenye fimbo. Takwimu za namna hiyo zinafaa kwa jumla za timu, na hapo zinasema mengi. Juni 1777 huko Sevenoaks, timu ya Hambledon ilicheza na timu iliyoteuliwa kutoka Uingereza nzima. Uingereza walipata 166 na 69. Hambledon walipata 403 kwa zamu moja ya kupiga, Aylward peke yake 167. Yaani mtoto wa mkulima aliizidi zamu ya kwanza ya timu nzima kwa mkimbio mmoja, na Hambledon wakashinda kwa zamu moja na mikimbio 168, yaani bila kuhitaji zamu yao ya pili.

Malodi walipohamia London, ambako klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club) ilianzishwa mwaka 1787, Hambledon ilififia. Kumbukumbu ya kikao cha Septemba 1796 inaonyesha kwamba hakuna bwana aliyehudhuria. Lakini wachezaji hawakuisha: kina Walker na William Beldham waliendelea kucheza mechi kubwa huko London. Walioondoka ni wenye fedha. Ujuzi ulibaki kwa mafundi. Hapa kwetu fedha ni kidogo na mafundi tunao.

Kwa hiyo haya ndiyo ya kufanya. Njia ya kurushia ina urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05. Udongo wa kichanga wa sehemu nyingi za Tabora unaua mpira, haudundi. Tumieni udongo wa kichuguu kilichohamwa na mchwa. Kwa unene wa sentimita 10 mnahitaji mita za ujazo 6 za udongo ulioshindiliwa, hivyo chimbeni zaidi ya hapo, maana udongo hupungua ukishindiliwa. Uvunjeni, uchekecheni, mwagieni maji kidogo mpaka ukiufumbata mkononi unashikana bila kunata kiganjani. Tandazeni tabaka la kwanza, shindilieni, likwaruzeni juu ili la pili lishike, ndipo mtandaze la pili. Pipa la lita 200 lililojazwa zege, lenye bomba la chuma katikati, linafaa kuviringishia. Lina uzito wa karibu nusu tani, hivyo lisiachwe mikononi mwa wanafunzi wadogo. Maji yakizidi, njia itapasuka ikikauka. Yakipungua, itatoka vumbi na mpira utadunda kila upande. Kazi hii ifanyike Mei, mvua zikiisha na ardhi ya chini ikiwa bado na unyevu, na njia ifunikwe kwa nyasi siku za mwanzo ili ikauke polepole.

Gongo la zamani lilikuwa la mti mmoja, mpini na ubao pamoja, na seremala anaweza kulichonga. Mti wa Waingereza, mwilo (willow), ni mwepesi. Mninga wetu ni mzito zaidi, kwa hiyo punguzeni unene. Kwa mwanafunzi wa darasa la sita au la saba, ubao wa urefu wa sentimita 55, upana 10.8 na unene wa wastani wa 2.5, pamoja na mpini wa sentimita 28, hutoa gongo la kilo 1 na kidogo. Nyuzi za mti ziende kwa urefu. Zikikata mshazari gongo litapasuka kwa pigo la kwanza zito. Mabega, pale ubao unapokutana na mpini, yateremshwe taratibu, yasiwe na kona kali, maana gongo huvunjikia hapo. Fungeni mpini kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ili kupunguza mtikisiko mkononi.

Mpira ni kazi ya fundi viatu, kama ilivyokuwa kwa Small. Kiini kiwe kizibo au soli nyepesi iliyochongwa duara, kizungushiwe uzi uliolowanishwa na kuvutwa kwa nguvu zote, kisha kifunikwe kwa ngozi ya vipande vinne iliyoshonwa kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki, ambayo Tabora haiwezi kusema inaikosa. Uzi ukilegea, mpira utakuwa yai baada ya mechi moja. Upimeni kwenye mzani wa duka: gramu 156 hadi 163 kwa wakubwa, 133 hadi 144 kwa watoto, na mzingo wa mpira wa wakubwa usizidi sentimita 22.9. Mpira huu wa ngozi usitumike kwa watoto wasio na kinga za miguu na glavu. Hao wapeni mpira wa tenisi mpaka vifaa vipatikane.

Sisi,
Walimu wa michezo,
Tabora Mjini