Barua ya wazi kwa Bwana Inspekta Prensipali wa jimbo (IPP), Haut-Katanga: logaritimu ifundishwe na namba za kwetu

Bwana Inspekta,

Jambo yenu, na pole na kazi. Mi ni mwalimu wa hesabu mu humanité (sekondari), hapa Lubumbashi upande wa Katuba, na hii barua naiandika wazi juu shida haiko ya kalasi yangu moja, iko ya kalasi zote za sita siyansi (mwaka wa mwisho wa sekondari) kwenye munapita kukagua. Batoto betu banajua kutafuta derive ya fonksio eksponensieli (ya kitu yenye inakua kwa kuzidishwa kila hatua), banajua kutatua ekuasio ya logaritimu (yenye inauliza: 10 izidishwe yenyewe mara ngapi ili ufike ku namba fulani) vizuri kabisa, na ku Egzeta (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari) wengi banapata pointi ya ile swali. Lakini uliza paka ule mtoto mwenye alipata pointi: deni ya dola 100, riba 30% kila mwezi, usipolipa kitu na riba inaongezwa juu ya deni, mwisho wa mwaka itakuwa ngapi? Atakujibu 460. Anachukua 30 mara 12, anaongeza 100, basi. Na fonksio eksponensieli iko mu kaye yake, ukurasa ya nyuma tu.

Jibu ni karibu 2,330.

Hii swali haikutungwa, Bwana Inspekta, munajua vizuri kama ni ile mambo ya Banque Lambert (bakopeshaji wa mtaani, haiko banki ya kweli), vile inakula mishahara ya batu wa Leta (serikali), walimu wa kwanza. Riba ya 30% kwa mwezi ni kitu ya kawaida kwa hao bakopeshaji. Mwezi wa kwanza 130, wa pili 169, wa tatu karibu 220, na hapo mtu bado anasema nitalipa tu mshahara ikitoka, mwezi wa sita 483, wa tisa 1,060. Na hapa njo logaritimu inapata kazi yake, juu ukitaka kujua deni itafika mara kumi kisha miezi ngapi, unagawanya logaritimu ya 10 kwa logaritimu ya 1.3, ni 1 kugawanya 0.114, unapata karibu miezi 8.8. Kujizidisha mara mbili inaomba miezi 2.6 tu. Mtoto akiifanya hii hesabu yeye mwenyewe, na kalkuleta ya simu, hauna tena lazima ya kumueleza logaritimu inasaidia nini. Na akirudi nyumbani ataifanya mbele ya baba yake, hiyo nimeshaiona.

Lakini data yenye naipenda kupita zote ni makuta (feza) yetu ya zamani, zaire. Wazazi wengi bado wanazo mu mabox nyumbani, mtoto anaweza kuileta noti ku masomo akaishika mukononi. Muangalie noti kubwa kupita zote, mwaka kwa mwaka: 1971 ilikuwa zaire 10, 1980 ikatoka ya 50, 1985 ya 1,000, 1989 ya 10,000, 1991 ya 50,000, na 1992 ile ya 5,000,000 yenye wenye maduka walikataa na ikaleta fujo ya askari mwanzo wa 1993. Kweli noti kubwa haiko bei yenyewe, lakini inakimbia nyuma ya bei, na kwa mtoto iko wazi kuliko indeksi yoyote ya bei.

Sasa wapatie papiye milimetre ya kawaida na uwaambie santimetre moja iwe zaire 500,000. Noti ya 1992 inapanda santimetre 10, muzuri. Ya 1991 iko milimetre moja. Ya 1989 iko milimetre 0.2, na kreyo yao inaandika mustari ya milimetre 0.5! Maana yake kuanzia 1971 mpaka 1989, miaka 18 ya bei kupanda, batu kulia, mishahara kuisha thamani, yote inapotea ndani ya unene ya mustari ya kreyo. Kwa ile grafike ungesema inchi ilikuwa salama salimini na kisha siku moja mu 1992 balaa ikaanguka kutoka juu. Na kuna batu wazima wanaamini vile mpaka leo.

Kisha unawapatia papiye ya pili, semi-logi, kwenye kila hatua ya santimetre 2 ni kuzidisha mara kumi. Unaanzia zaire 10 chini kabisa. 1980 iko kwa santimetre 1.4, 1985 kwa 4, 1989 kwa 6, 1991 kwa 7.4, na 1992 kwa 11.4. Hapo yote inaonekana. Mtoto anaona mwenyewe kwamba miaka tisa ya kwanza ilipanda polepole, kisha 1980 mustari ikasimama zaidi, na ule mwaka mmoja kati ya 1991 na 1992 ulipandisha santimetre 4, sawa na miaka 14 ya kwanza zote pamoja. Na hii njo fundisho yenye habapati mu kitabu, juu kama kitu inakua kwa asilimia moja ile ile kila mwaka, ku papiye ya logi inatoa mustari ya moja kwa moja, kama deni ya Lambert, yenyewe ni mustari iliyonyooka kabisa. Zaire yenyewe inajipinda kwenda juu. Haikuwa kupanda tu, hata mwendo wa kupanda ulikuwa unapanda. Bila logaritimu hiyo hauwezi kuiona kwa macho.

Mukitaka kuendelea, iko kazi ingine: mu 1993 walikata, zaire 3,000,000 ikawa zaire mupya moja, na 1998 zaire mupya 100,000 ikawa franka moja. Franka moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire za zamani ngapi? Milioni tatu mara elfu mia moja, sufuri zinawachanganya. Kwa logaritimu ni 6.48 kuongeza 5, inatoka 11.48, yaani miliari 300. Kuzidisha ikageuka kujumlisha, propriété (kanuni) yenye wanaikariri kila mwaka bila kujua ni ya nini.

Siyo zaire peke yake. Hesabu ya mwisho ya batu mu inchi yetu ilifanyika 1984, tulikuwa karibu milioni 30, sasa kwa makadirio tumepita milioni 100, na ukiweka 3% kwa mwaka, kanuni ya haraka yenye inatoka mu logaritimu ya 2, 70 kugawanya 3, inakupa kujizidisha mara mbili kila miaka 23 hivi. Mwalimu wa shimi naye ana pH (kipimo cha asidi: ikishuka hatua moja, asidi inazidi mara kumi), na hapa Katanga kwenye makamyo ya asidi ya sulfiriki yanapita kila siku kutoka Kasumbalesa, mtoto ajue maji ya pH 3 haina tofauti ya “ine” na maji ya pH 7, ina asidi mara 10,000.

Naongeza kitu moja juu naiona ni ya lazima. Batoto wafundishwe pia kuangalia pembeni ya grafike kabla ya kuangalia mustari. Mu 2020, wakati wa kovidi, grafike za logi zilikuwa zinapita ku televizio na ku WhatsApp, na mutu asiyejua aliona mustari inalala akasema ugonjwa unaisha, kumbe wagonjwa walikuwa bado wanaongezeka kwa maelfu.

Najua mutaniambia programu ni ndefu na Egzeta haingoji. Kweli. Lakini haya yote inaingia mu masomo mawili, na mu yale mawili mwalimu anapata propriété zote za logaritimu zenye angefundisha na tablo mitupu. Shida yetu ni ingine: inspekta akija, anafungua jurnali ya kalasi na fishi ya preparasio, anakuta “noti za zaire”, anaandika kwamba mwalimu ametoka mu programu. Nawaomba Bwana Inspekta mutoe barua moja kwa bainspekta benu, iseme haya masomo yanakubaliwa. Nawaomba pia selule pedagojike (mukutano wa balimu wa kufundishana) moja ya balimu wa hesabu ifanyike juu ya hii tu, tuchore ile papiye sisi wenyewe, juu balimu wengi hatukuwahi kuishika hata ku institut. Na papiye ya semi-logi haiuziki mu librairi zetu, lakini ukipata moja tu nzuri unaifotokopia, kalasi ya batoto 50 ni kurasa 50, hata komite ya wazazi inaweza kuilipa.

Ikiwezekana iwe mbele ya mwezi wa pili, juu kisha hapo kalasi za sita ni majaribio ya Egzeta tu na hakuna mwalimu atakubali kufungua kitu mupya. Papiye yangu ya mufano iko tayari, na noti ya 5,000,000 iko, nitazileta ku biro yenu siku yenye mutapanga.

Mwalimu wa hesabu, Katuba, Lubumbashi