Barua ya malalamiko: simu zetu kubanwa usiku kucha bila taarifa

Kwa Mkurugenzi wa Maunganisho ya Mitandao,

YAH: KUBANWA KWA SIMU ZETU KWA SAA 9 NA DAKIKA 12, NA BARUA YENU YA ONYO ILIYOFUATA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, na nimejizuia siku 4 nzima kabla ya kuandika ili heshima hiyo isinitoke. Barua yenu ya onyo ilinifikia Jumatatu asubuhi. Inasema kiwango cha simu zetu zinazojibiwa kimeshuka chini ya kile tulichokubaliana, na kwamba kisipopanda mtatupunguzia njia za kuleta simu kwenu. Mmeambatanisha na jedwali. Nimelisoma jedwali hilo mstari kwa mstari. Usiku mliotumia kutuhukumu ni usiku ule ule ambao nyinyi wenyewe mlizibana simu zetu zisipite.

Sitaeleza kifungu cha usimamizi wa mtandao kinasema nini. Rasimu ya mkataba wa kuunganisha mitandao yetu miwili ya simu ilitoka kwenu, maneno ni yenu, sisi tuliongeza koma na saini. Wajibu wa kutoa taarifa mnaujua. Wajibu wa kuondoa kidhibiti, yaani amri ya kupunguza simu zinazopita, mara sababu yake inapokwisha mnaujua pia.

Kilianza saa 2:40 usiku. Kwenye skrini ya kituo chetu, safu ya msimbo 42 ikaanza kujaa. Msimbo huo unadai kwamba swichi ya upande wa pili, yaani mtambo unaounganisha simu, imeelemewa, na mhandisi wetu wa zamu aliamini, kwa sababu katika kazi hii mtu huanza kwa kumwamini mwenzake. Kisha akatazama njia. Tuna njia 480 za kupeleka simu kwenu. Zilizokuwa na simu ni 18. Akasubiri kidogo: 17. Akasubiri tena: 19. Usiku ule wote hazikufika 30.

Ndipo alipoona mpangilio wake. Simu moja inapita, sekunde 10 hakuna kitu, nyingine inapita, sekunde 10 tena. Msongamano wa kweli hauendi hivyo. Kwenye msongamano wa kweli simu hupita pale njia inapoachiwa, mara 3 mfululizo, mara hakuna hata moja. Kinachoruhusu simu moja kila sekunde 10, bila kukosea, ni kidhibiti kilichowekwa na mkono wa mtu. Akapiga simu ya majaribio kwenda kwenye namba yenu kupitia kampuni ya tatu. Ikaita papo hapo. Akarudia mara 10, zote 10 zikaita. Swichi yenu, Ndugu Mkurugenzi, haikuwa imeelemewa. Ilikuwa imefungwa kwetu peke yetu.

Akapiga namba ya saa 24 iliyo kwenye kiambatisho cha mawasiliano. Aliyepokea alimwambia hakuna kidhibiti chochote upande wenu, akakataa kumpa namba ya tikiti, yaani ya kufuatilia tatizo, akamwambia wateja wenu kwanza, akakata simu.

Naomba usome tena sentensi hiyo kabla ya kuendelea, kwa sababu nitairudia.

Kesho yake ndipo tulipojua kulikuwa na shindano la kupiga kura kwa simu, na namba ya kura iko kwenye mtandao wenu. Mlijua litakuwepo. Namba kama hiyo haiwekwi kwa siku moja. Mkataba unataka tukio la namna hii tuambiane mapema, na sababu yake si adabu tu: wingi wa simu zinazokimbilia namba moja unadhibitiwa vizuri zaidi kule zinakoanzia. Mngetupigia mchana ule, tungeibana namba hiyo moja huku kwetu kwa kazi ya dakika chache, na simu za kura zisingegusa hata mlango wa swichi yenu. Simu nyingine zote zingepita kama kawaida. Badala yake mkachukua kila simu inayotoka kwetu, ya kura na isiyo ya kura, ya mgonjwa na ya mfanyabiashara, mkaibana yote kwa pamoja.

Na kura zilifungwa saa 4 usiku. Kidhibiti kiliondolewa saa 11:52 alfajiri. Hayo ni karibu saa 8 ambazo hamkuwa na sababu yoyote, hata ile mbaya. Mtu wenu alikiweka, akakisahau, akaenda nyumbani.

Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, uitwao E.410, unatoa kanuni ambazo kila aliyefunzwa kazi hii amezisoma: tumia njia zote zilizopo, zijaze kwa simu zenye nafasi kubwa ya kufika, zuia swichi isielemewe na msongamano usisambae. Pimeni usiku ule kwa kanuni hizo. Njia zaidi ya 450 zilikaa tupu. Simu zilizokuwa na nafasi kubwa ya kufika ndizo mlizozirudisha. Na msongamano mliusambaza, mkauleta kwetu, kwa sababu mtu akikatiwa simu hapumziki, anapiga tena, na tena. Majaribio kwenye swichi yetu yalipanda hadi mara 3 ya kawaida ya saa zile. Kila jaribio lililorudi na msimbo 42 ndilo lililoshusha kiwango cha simu zinazojibiwa. Hicho ndicho kiwango mnachotuandikia barua ya onyo.

Nimekaa na kumbukumbu za simu za usiku ule. Sikutaka kuzitazama kama takwimu, nikachagua namba moja nikaifuata. Ni simu ya mezani ya wodi ya wazazi katika hospitali inayotumia laini zetu. Ilikuwa ikipiga namba moja ya mtandao wenu. Saa 7:14 usiku, msimbo 42. Saa 7:14 hiyo hiyo, msimbo 42. Saa 7:15. Saa 7:16, mara 2. Mistari imepangana, namba ile ile kushoto, namba ile ile kulia, msimbo ule ule mwishoni, majaribio 19 ndani ya dakika 23. La 20 likapita. Yalikuwa mazungumzo ya sekunde 41. Sijui walikuwa wakimtafuta nani, wala si haki yangu kujua. Najua kwamba saa 7:14 usiku hakuna kura iliyokuwa ikipigwa popote, na kwamba kati ya wodi ile na simu iliyotafutwa kilichosimama ni kidhibiti mlichokisahau.

Sasa narudi kwenye ile simu, kwa sababu pale mwanzo niliieleza kwa haraka, na haikuwa ya haraka.

Mhandisi wetu ni binti aliyekuwa kwenye mwezi wake wa pili wa zamu za usiku. Alipiga saa 3:05. Alisubirishwa dakika 11 kwenye namba ambayo mkataba unasema ipokelewe muda wote. Alipopokelewa, alijitambulisha kwa jina, kwa kampuni na kwa namba ya kundi la njia. Aliulizwa, "Nyinyi ni nani?" Akajitambulisha upya. Akaulizwa tena, "Nani?" Mara ya tatu akasoma namba ya mkataba kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Akaeleza alichokiona: simu 1 kila sekunde 10, njia tupu, simu za majaribio zinazopita kwa kampuni nyingine. Alieleza vizuri. Nimeisikiliza rekodi, na nisingeeleza vizuri kumshinda. Akajibiwa, "Hakuna kitu kama hicho huku." Akaomba basi afunguliwe tikiti ili asubuhi wakubwa wazungumze. Akajibiwa, "Tikiti ni za wateja." Akasema kwa upole kwamba sisi ni washirika kwenye mkataba. Ndipo mtu wenu akasema, "Dada, wateja wetu kwanza. Subirini."

Naye akajibu, "Samahani kaka, nimekusumbua."

Simu ilikatwa kabla hajamaliza neno la mwisho. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Wateja wetu wamefungiwa, swichi yetu inahema, amefanya kila kitu kama alivyofundishwa, na yeye ndiye aliyeomba radhi. Alipiga tena saa 5 na saa 8 usiku. Haikupokelewa. Asubuhi nilimkuta bado amekaa mbele ya skrini, zamu yake imekwisha, anaandika ripoti, na kwenye ripoti hiyo ameweka sehemu yenye kichwa "Makosa yangu". Hakukuwa na la kuandika chini yake. Niliifuta mimi.

Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T nchini Marekani ulikwama kwa takriban saa 9, karibu sawa na usiku wetu huu. Mamilioni ya simu hazikupita. Chanzo kilikuwa kosa dogo kwenye programu ya swichi: swichi moja ilipojirekebisha na kutangaza imerudi kazini, zilizopokea ujumbe huo zikaanguka nazo, na kila iliyoinuka ikaziangusha nyingine. Kampuni ilisimama hadharani ikasema kosa ni la programu yake. Haikuwaandikia waliopiga simu kwamba wamepiga vibaya. Nalitaja hilo kwa sababu mmefanya kinyume chake: mmefunga mlango, mkakana kwamba umefungwa, kisha mkatuandikia onyo kwamba hatuingii.

Madai yetu ni haya. Kwanza, barua ya onyo iondolewe kwa maandishi, na usiku ule utolewe kwenye hesabu ya kiwango cha simu zinazojibiwa. Pili, tupewe kumbukumbu za kituo chenu zinazoonyesha kidhibiti kiliwekwa saa ngapi, kwa amri ya cheo gani, na kiliondolewaje. Tatu, mtu wa ngazi ya juu kwenye kituo chenu ampigie mhandisi wetu, kwenye namba ile ile ya zamu, amwombe radhi kwa sauti. Barua haitoshi kwa hili. Alidharauliwa kwa simu.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Lakini ninapoandika haya nimeletewa ankara yenu ya mwezi, na ndani yake mmetutoza gharama kamili ya kutunza njia 480, pamoja na zile zaidi ya 450 mlizoziacha tupu usiku ule. Kwa hiyo muda ni siku 7, na nayaongeza madai: sehemu hiyo ya ankara tunaipinga rasmi leo, na hatutailipa hadi mgogoro uishe kama mkataba unavyoruhusu. Tunataka pia fidia ya simu zilizopotea, ikikokotolewa kwa wastani wa usiku kama huo katika wiki 4 zilizotangulia. Hesabu tunayo.

Siku ya 8 ikifika bila jibu, shauri linakwenda kwa mdhibiti wa mawasiliano, likiwa na rekodi ya simu, kumbukumbu za msimbo 42 na mistari 20 ya wodi ya wazazi. Simu zetu zote za kuja kwenu tutaanza kuzipitisha kwa kampuni ya tatu, ambayo usiku ule mliiachia mlango wazi. Itatugharimu zaidi. Tumekwisha kukubaliana kulipa. Na mkigusa hata njia moja kati ya hizo 480 kabla ya shauri kusikilizwa, tutaomba amri ya kusimamisha siku hiyo hiyo.

Namba yetu ya zamu haijabadilika. Iko kwenye kiambatisho kile kile, na inapokelewa.

Wenu katika kazi,

Meneja, Kituo cha Usimamizi wa Mtandao

Nakala: Mdhibiti wa mawasiliano (itatumwa siku ya 8)
Nakala: Mhandisi wa zamu