Kabla ya kumwandikisha mtoto, zisome siasa za mahali

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wazazi wenzangu jambo ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa. Tukitafuta shule ya umma tunauliza ufaulu, wingi wa wanafunzi darasani, umbali na hali ya majengo. Siasa za mahali tunaziacha, tukidhani hazimhusu mtoto. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilihamia mji ambao shule yake ilisifika kwa matokeo, nikamwandikisha binti yangu bila kuuliza la pili.

Muhula wa pili ulimkuta amenyamaza. Mtoto aliyekuwa akirudi nyumbani na maswali chungu nzima akawa hana jibu ila "sijui". Baadaye nikagundua kwamba darasani watoto walikuwa wakihojiana wazazi wao wanampigia nani kura, na mwalimu aliyekemea tabia hiyo aliitwa mbele ya bodi kujieleza. Nikahudhuria kikao cha bodi. Mama mmoja alisimama kuuliza kwa nini fedha za maktaba zimepunguzwa. Alizomewa kabla hajamaliza, na mwenyekiti akaendelea na ajenda kana kwamba hakuna aliyesema neno. Usiku ule sikupata usingizi.

Wapo wasemao siasa zibaki nje ya lango la shule. Natamani ingewezekana. Lakini shule ya umma huendeshwa kwa kodi, na kiasi cha kodi, mshahara wa mwalimu na vitabu vya maktaba huamuliwa na watu waliopata viti vyao kwa kura au kwa kuteuliwa. Huko Marekani, ambako wilaya nyingi za shule huchagua bodi zao kwa kura, historia imeonyesha jambo hili linaweza kufika wapi. Kaunti ya Prince Edward, Virginia, ilipoamriwa na mahakama kuacha kuwatenga wanafunzi weusi na weupe, wakubwa wake walikataa kutoza kodi ya shule. Mwaka 1959 shule zote za umma zikafungwa. Watoto weupe walifunguliwa shule ya binafsi. Watoto weusi, isipokuwa waliopelekwa mbali au waliofundishwa kwa hisani, walikaa bila shule, na shule za umma hazikufunguliwa tena mpaka mwaka 1964, baada ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kuingilia kati. Miaka mitano! Mtoto aliyefungiwa mlango akiwa na miaka saba aliukuta wazi akiwa na kumi na miwili.

Linganisha na wilaya ya Dover, Pennsylvania. Mwishoni mwa mwaka 2004 bodi yake iliamua wanafunzi wa baiolojia wasomewe tamko la kutilia shaka nadharia ya mageuko ya viumbe na kuwaelekeza kwenye fundisho lenye asili ya kidini. Wazazi kumi na mmoja wakashtaki. Novemba 2005 wajumbe wanane waliokuwa wakigombea tena waliangushwa wote, na Desemba 20 jaji akatamka kwamba uamuzi wao ulivunja katiba. Wilaya ililipa takriban dola milioni moja za gharama za mawakili wa upande wa pili. Hasara kubwa hiyo, na majirani waliumizana. Hata hivyo kosa lilisahihishwa katika muda wa mwaka mmoja na ushei, kwa sababu waliopinga walikuwa na kura yenye uzito na mahakama iliyowasikiliza. Prince Edward, wazazi weusi hawakuwa na mtu wao hata mmoja katika baraza lililoshika mfuko.

Ndiyo maana simshauri mzazi atafute mji ambao kila mtu anapiga kura kama yeye. Mahali pa namna hiyo mtoto hujifunza kuitikia tu. Mimi natazama mahali hapo panamtendea vipi mtu anayepinga. Hilo hulikuti kwenye orodha ya ufaulu, lakini lipo wazi kwa anayetafuta. Soma kumbukumbu za vikao vya bodi vya miaka miwili mitatu. Hesabu walimu wakuu wangapi wamepita katika muda huo, kisha uulize waliondokaje. Kaa nyuma ukumbini siku ya bajeti, utazame nani anapewa muda wa kusema na nani anakatizwa.

Najua wengi hawana nafasi ya kuchagua. Kodi ya nyumba na kazi ndizo zinazowaamulia shule. Jambo hili huniuma, maana mzazi wa aina hii ndiye anayehitaji zaidi kujua kikao kinafanyika siku gani na anaweza kwenda na nani ili asisimame peke yake.

Tulipohama tena, nilimwuliza mwalimu mkuu wa shule tuliyoifikiria: mara ya mwisho mzazi alipopinga uamuzi wenu, ilikuwaje? Hakukasirika. Alitoa faili, akanionyesha barua ya mzazi aliyelalamikia somo fulani, majibu ya shule, na tarehe ya kikao walichokaa pamoja. Shule haikubadili somo lile. Mtoto wa mzazi huyo, aliniambia, bado yuko darasa la sita hapo hapo. Nikaomba fomu.

Mzazi wa watoto wawili