Daftari la msamiati lisiwe orodha tu

Ndugu Mhariri,

Kila Januari watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta Fizikia, Kemia na Hisabati kwa Kiingereza. Dawa wanayopewa ni ileile: daftari lenye mstari katikati, kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Maana moja!

Hapo ndipo wanapokwama. Aliyeandika kwamba "product" ni bidhaa atafanya nini kwenye Hisabati, ambako ni jibu la kuzidisha? "Solution" aliyoizoea kama ufumbuzi, kwenye Kemia ni mmumunyo, kama maji yaliyoyeyushiwa chumvi.

Kiswahili chetu nacho kina mitego yake. "Niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni kitenzi kimoja, lakini Mwingereza amekigawa: anayetoa "lend", anayepokea "borrow". Ndiyo maana madarasani haikosekani "borrow me your pen". Kukumbuka na kukumbusha vilevile: sisi tunabadili mwisho wa neno tu, wao wana "remember" na "remind".

Kwa hiyo kila neno lipewe nafasi ya kutosha, hata robo ukurasa. Silabi yenye mkazo ipigiwe mstari, kwani mkazo wa Kiingereza hauna makao maalumu kama wetu: "record" ikiwa nomino mkazo uko mwanzoni, ikiwa kitenzi uko mwishoni. Chini yake inakiliwe sentensi ambamo neno limekutwa, na maana inayofaa sentensi hiyo (kamusi ikitoa maana tano, wengi huishia ya kwanza). Halafu yaandikwe maneno yanayoandamana nalo, kwa mfano "make a mistake" lakini "do homework", ijapokuwa kwetu yote ni kufanya. Mwisho kabisa, sentensi ya mtoto mwenyewe.

Maneno matano hadi saba kwa siku yanatosha. Ishirini ni kujidanganya. Tena jozi kama "lend" na "borrow" zisifundishwe siku moja, maana mtoto atakumbuka kwamba ni mojawapo asijue ni lipi. La kwanza lizoeleke wiki moja au mbili, ndipo lije la pili.

Marudio yafanyike kesho yake, siku ya tatu, ya saba, kisha baada ya wiki tatu. Kupitisha macho si kurudia. Afunike maana kwa kiganja aitaje, kisha afunike neno la Kiingereza alitaje. Zoezi hili la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo linalomsaidia kuandika. Neno lililomshinda lianze upya siku ya kwanza.

Mzigo huu asibebeshwe mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mwalimu wa Kemia ndiye ajuaye "solution" ya kipindi chake ni ipi, basi dakika tano za mwanzo aandike ubaoni maneno ya somo la siku hiyo.

Walimu wa Kiingereza,
Morogoro