Harusi yenye sura yenu, bila kukesha mkipanga maua

Maharusi wengi wanakuja kwetu wapambaji simu zimejaa picha. Wanataka kutengeneza kwa mikono yao kadi, vizawadi vya wageni, maua ya meza, hata pazia la nyuma ya meza kuu. Tunawaelewa. Wamehudhuria sherehe nyingi Dar es Salaam ambazo ukibadilisha majina kwenye keki huwezi kujua ni harusi ya nani. Tunachowaomba ni kupunguza orodha.

Shida kubwa ni muda. Ukumbi mtakaoutumia Jumamosi, mara nyingi Ijumaa usiku ulikuwa na sendofu ya watu wengine. Mnakabidhiwa asubuhi, pengine mchana, na jioni wageni wanaingia. Saa hizo bibi harusi yuko saluni, dada zake wanahangaika na mafundi nguo, na kamati bado inafuatilia michango. Nani atapanda ngazi kufunga pazia? Maua nayo hayasubiri. Waridi hukatwa shina kwa mshazari na kuloweshwa kwenye ndoo saa kadhaa kabla ya kupangwa. Ukilipanga usiku wa kuamkia harusi ukaliacha sebuleni kwenye joto la Desemba, asubuhi limeshalegea.

Kwa hiyo tunashauri mchague jambo moja, mawili yakizidi, ambalo mgeni akiliona atajua yuko kwenye harusi yenu.

Tunalolipenda zaidi ni khanga. Nendeni Kariakoo asubuhi moja mkachague doti kwa kusoma majina yake. Mama mkwe mtafutieni yenye WEMA HAUOZI au neno jingine linalomfaa, na shangazi aliyemlea bwana harusi naye apate yake. Siku ya sherehe tunazitandika kwenye meza za wazazi juu ya kitambaa cheupe, jina likimwelekea anayekaa. Tumewaona kina mama wakisoma, wakaitana kuonyeshana, kabla hata chakula hakijafunguliwa. Sherehe ikiisha kila mmoja anakunja ya kwake anaondoka nayo. Kazi yenu imekuwa kuchagua tu, lakini hakuna mpambaji ambaye angeweza kuwachagulia.

Familia za pwani huomba vikuba, vile vishada vidogo vya asumini, kwa ajili ya kina mama. Ni wazo zuri sana, ila msijitwishe kuvitunga. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado haijachanua, na wapo kina mama wanaoijua kazi hiyo. Agizeni viletwe siku hiyohiyo. Wachagga wakitaka ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, mchomaji ni wa kulipwa. Ninyi amueni nani atamkata na nani atalishwa kwanza, maana heshima yote iko hapo.

Meza zinaweza kupewa majina ya vijiji mlikotoka badala ya namba. Tuandikieni majina, vibao tutachapisha sisi. Na mshereheshaji apewe mapema majina kamili ya wazee na namna ya kuyatamka. Hilo halina gharama, na baba mkubwa akiitwa vibaya mbele ya ukoo mapambo hayasaidii.

Marafiki wakijitolea, wapeni kazi inayoweza kukamilika wiki moja kabla na kuwekwa kwenye boksi: kufunga vizawadi, kuandika majina kwenye bahasha. Kinachonyauka, kinachoyeyuka au kinachohitaji ngazi, tuachieni.

Mkija kuzungumza nasi, picha zije baadaye. Tuanze na mlivyokutana, nyumbani kwenu mnakula nini siku ya furaha, na bibi yupi lazima akae mbele. Bei ya mapambo tunaipanga kwa idadi ya meza na muda tutakaopewa ukumbini, kwa hiyo kabla hamjalipia ukumbi waulizeni kama una sherehe usiku uliotangulia, na utakabidhiwa saa ngapi.