Namba ya Kijapani isifunike namba halali ya gari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye Vitz, Noah, Crown na Subaru wanaopenda gari lao libaki na sura ya Kijapani. Sura hiyo inapatikana kwa pleti namba yenu halali, ikifungwa inavyopaswa, bila kuifunika kwa kibao cha dukani chenye namba ya Kijapani.

Kwanza kibao chenyewe. Gari linapofutiwa usajili Japani ili lisafirishwe, namba zake hufunguliwa na kurudishwa ofisi ya uchukuzi. Mwenye gari wa kule akitaka kubaki na kibao kama kumbukumbu, hutobolewa tundu la milimita 40 au zaidi ndipo anapewa. Kwa hiyo kibao kizima kinachong'aa, kisicho na tundu hilo, kwa kawaida ni cha kuigiza hata muuzaji aape vipi. Na aliyekiiga mara nyingi hajui alichokiandika. Mstari wa juu huwa na jina la ofisi ya usajili, kwa mfano Shinagawa, na namba ya daraja: inayoanza na 3 ni gari la abiria kubwa, injini zaidi ya cc 2,000 au bodi iliyozidi urefu wa mita 4.7 au upana wa mita 1.7; inayoanza na 5 ni dogo. Chini kuna herufi moja ya hiragana, yaani mwandiko wa Kijapani, na namba isiyozidi tarakimu nne. Herufi "shi" haitolewi kabisa, maana inatamkwa kama neno la mauti. "Wa" ni ya magari ya kukodisha. Kwa kawaida pleti nyeupe yenye maandishi ya kijani ni gari binafsi, kijani yenye maandishi meupe ni la biashara, na njano ni la injini isiyozidi cc 660. Crown yenye kibao hicho cha njano imekosewa tangu mwanzo.

Kibao hicho kitundikeni ukutani gereji. Barabarani gari lina namba moja tu, na hiyo ndiyo askari na shahidi wa ajali wanayotakiwa kuisoma.

Sasa ufungaji, maana hapa ndipo magari yanapoharibiwa. Pleti ya Kijapani ina upana wa milimita 330 na kimo cha 165, na matundu yake mawili ya juu yameachana milimita 210. Nafasi iliyobonyea kwenye mlango wa buti imechongwa kwa kipimo hicho. Pleti ndefu ya mstari mmoja, takriban sentimita 52, haiingii. Fundi mwenye haraka anaikunja ncha, au anaipandisha juu hadi inaziba kamera ya nyuma na swichi ya kufungulia buti. Taa ndogo za namba, za wati 5, zinamulika katikati tu. Herufi za pembeni hazisomeki usiku. Mbaya kuliko yote ni kutoboa mlango upya: rangi inapasuka, maji yanaingia, kutu inaanzia ndani usikoiona, na ncha ya drili inaweza kukata nyaya za loki.

Dawa ni kuagiza pleti ya nyuma ya mistari miwili. Kabla ya kuagiza, pimeni kwa futi upana na kimo cha nafasi yenyewe, na umbali kutoka kwenye taa hadi ukingo wa chini. Kisha tumieni matundu yaliyopo. Bolti zake ni M6, yaani unene wa milimita 6, zinafunguliwa kwa spana namba 10, na urefu wa milimita 16 unatosha. Tafuteni za chuma kisichoshika kutu na muweke washa za nailoni kati ya bolti na pleti. Ukanda huu wa pwani una chumvi. Chuma cha kawaida kikigusa alumini, tundu linalika haraka. Nyuma ya pleti bandikeni vipande vinne vya mpira mwembamba, isigonge wala kukwaruza rangi. Msikaze kupita kiasi, kwani nati ikianza kuzunguka mtalazimika kufungua kava la ndani la buti.

Mbele, pleti ndefu inakaa vizuri juu ya bapa la alumini la milimita 3, urefu sentimita 30, lililotobolewa matundu ya milimita 6.5 yaliyoachana 210. Bapa lifungwe kwa bolti za gari, pleti ipigwe ribiti kwenye bapa, bampa halitobolewi. Isishuke mbele ya uwazi wa chini, maana rejeta inapumulia hapo. Gundi ya pande mbili peke yake haitoshi, joto huilegeza.

Wanaopenda fremu ya kuzungushia namba wajue kwamba Japani kwenyewe kufunika namba kumekatazwa tangu Aprili 2016, hata kwa plastiki isiyo na rangi. Magari yaliyosajiliwa kuanzia Oktoba 2021 yanaruhusiwa fremu isiyozidi milimita 10 juu, 18.5 pembeni na 13.5 chini. Fremu nyembamba namna hiyo ndiyo ya Kijapani kweli.

Watengeneza pleti nao nawaomba wamuulize mteja kipimo cha nafasi ya nyuma kabla ya kugonga herufi. Pleti ikishagongwa kwa umbo lisilofaa, fundi anabaki na nyundo na drili tu.

Fundi bodi,
Dar es Salaam