Baada ya mbio, chungu cha maharagi badala ya michopo

Bwana Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika gazeti lenu kusifu makundi ya futingi, yaani mbio za pamoja za mtaani, ya Jumapili asubuhi hapa Lubumbashi, namna yanavyowaamsha vijana mapema na kuwatoa barabarani wakiimba. Namuunga mkono kabisa. Ila aliposifu pia kwamba kila kundi humalizia kwa michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, "ili nguvu irudi", hapo ndipo niliposhika kalamu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, nakaa Katuba. Huu ni mwaka wa sita nakimbia na kundi la mtaa wetu. Tunaondoka saa kumi na moja na nusu, kabla malori hayajainua vumbi, tunapita Kamalondo, tunakata katikati ya mji mpaka mtaa wa Golf, kando ya Ziwa Tshombe, kisha tunarudi. Wenye pumzi wanatangulia, wengine tunatembea kidogo tunakimbia kidogo. Miaka mitatu ya kwanza sisi pia tulikuwa watu wa michopo. Tunachanga, mbuzi analetwa kwangu Jumamosi jioni kwa sababu lupango langu, yaani ua wa nyumba, lina nafasi na mwembe wa kumfungia.

Jumapili moja ya Julai, katika baridi yetu ya kiangazi, nilitoka gizani kufunga viatu. Mbuzi alinisogelea, akaegemeza ubavu kwenye mguu wangu, joto lake likapenya suruali. Akaanza kutafuna ncha ya kamba ya kiatu. Nilimwacha atafune. Njia nzima nilikimbia na lile joto mguuni. Tuliporudi ngozi yake ilikuwa imetundikwa kwenye tawi, na kamba yangu ilikuwa imekakamaa kwa mate yake yaliyokauka. Siku hiyo sikula. Tangu hapo sijaonja nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa.

Binti yangu anayesoma chuo kikuu ndiye aliyeniambia kwamba watu kama mimi wana jina: vegan. Neno hilo lilizaliwa Uingereza mwaka 1944, kwa Donald Watson na wenzake. Jina ni la kwao. Chakula tulikuwa nacho zamani. Bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), matembele, maharagi, karanga, viazi vitamu, ndizi: nani hapa Katuba hajakulia kwenye sahani hiyo?

Na hapo ndipo penye ugumu. Nilipowaambia wenzangu, mkubwa mmoja wa kundi, tunayemwita yaya, aliniuliza, "Mama mwalimu, sasa unataka tule majani kama mbuzi? Baba yangu alifanya kazi Gécamines ili sisi tule nyama." Gécamines ni kampuni ya migodi ya hapa kwetu. Hakusema kwa ubaya. Katika nyumba nyingi za mji huu nyama mezani ilimaanisha mshahara umeingia, baba ni mzima, watoto hawatadharauliwa na majirani. Sombe isiyo na samaki ilimaanisha mfuko umetoboka. Anayekula mimea kwa kukosa pesa hawezi kuipenda kwa hotuba yangu. Lazima aikute mahali pengine, ikiwa imepikwa kwa heshima, amezungukwa na watu, na njaa yake ni njaa nzuri ya mtu aliyetoka kukimbia.

Kwa hiyo niliacha kuhutubia nikawasha makala, yaani makaa. Maharagi naloweka Jumamosi. Sombe tunatwanga jioni hiyohiyo, na asubuhi jirani yangu asiyekimbia anaibandika mapema, chungu wazi, ichemke muda mrefu, kwa maana majani mabichi ya muhogo yana sumu ambayo hupungua kwa kutwangwa na kuchemshwa. Tukirudi inabaki kutia karanga zilizotwangwa, kitunguu na mafuta ya mawese. Mvua zikianza tunaongeza uyoga wa msituni. Mara mojamoja kunakuwa na chikanda, chakula cha viazi vya okidi za porini na karanga, ile inayokatwa vipande kama soseji na haina nyama hata chembe. Siiweki kila wiki, kwa sababu viazi vyake huchimbwa na mmea wote unakufa, na huko porini vinaanza kuadimika.

Yule yaya alikuja Jumapili ya kwanza, akala kimya. Jumapili ya pili aliniletea karanga za shamba la mama yake.

Kuhusu nguvu kurudi: Scott Jurek, Mmarekani, alishinda mbio za Western States, kilomita 161 za milima ya California, mara 7 mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2005, kwa chakula cha mimea. Fiona Oakes wa Uingereza, mwanamke aliyeondolewa pia ya goti moja, alishinda upande wa wanawake marathoni ya Ncha ya Kaskazini mwaka 2013. Yeye ni wa klabu ya Vegan Runners, ambayo wakimbiaji wake huvaa jina hilo kifuani. Magoti yangu yakiuma namfikiria huyo mama. Na asiyetaka mifano ya wazungu atazame Ethiopia, nchi ya wakimbiaji: Waorthodoksi wa huko huacha nyama, maziwa na mayai karibu kila Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka.

Sitaki mtu adhurike kwa maneno yangu. Vitamini B12 huwezi kuitegemea kutoka kwenye mimea. Mimi nameza kidonge, na kila anayefuata njia hii afanye hivyo. Maharagi na lengalenga vina madini ya chuma, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi ukikamulia limau, na chai ya kusukumia chakula huyazuia, basi chai tunakunywa baadaye. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha aongee kwanza na muuguzi. Na mtoto wa kwashakoo anayepewa yai au maziwa kituo cha afya, apewe, apone. Ninayemwandikia ni mtu mzima mwenye uwezo wa kuchagua, anayemaliza futingi na kuita mshikaki wa tatu.

Naomba makundi ya komuni nyingine za mji wetu, Kenya, Ruashi, Kampemba na kwingine, yajaribu Jumapili moja tu kwa mwezi. Pesa tuliyokuwa tunachangia mbuzi mmoja, kwetu inatosha chakula cha Jumapili mbili, na mfuko wa makala juu yake. Nanyi, Bwana Mhariri, mnapochapisha picha za wakimbiaji wameshika mishikaki, tumeni mpiga picha wenu hata mara moja apige chungu chetu kikiwa bado kinatoa mvuke.

Tunaanzia kwenye mwembe wangu. Anayetaka kuja amuulize mtu yeyote wa mtaa kwa mama mwalimu anayekimbia, watamwonyesha. Aje na sahani yake na kijiko; mwezi uliopita tulikuwa wengi kuliko sahani.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Katuba, Lubumbashi